Kamera ya sikio zahanatini: kumpiga picha mtoto mwenye maumivu ya sikio na kuisoma picha yake

Kiwambo cha sikio kina upana wa milimita 9 hivi. Kwa mtoto mdogo kiko ndani ya njia nyembamba iliyopinda, na mwenye sikio hatulii. Anayechungulia kwa otoskopu ya kawaida, kile kifaa chenye taa cha kutazamia sikio, hukiona kwa sekunde moja au mbili, tena kwa jicho moja, na aliyesimama pembeni haoni kitu. Kamera inabadilisha hapo tu: alichokiona nesi wa Kizingitini sasa anaweza kukiona mama aliyempakata mtoto, na daktari aliye hospitali ya King Fahd mjini Lamu pia, bila mtoto kupandishwa boti kwanza. Kazi ya kutambua ugonjwa inabaki kwa anayeisoma picha. Picha mbaya inapotosha kuliko kutokuwa na picha, kwa sababu watu huiamini.

Mwongozo huu ni wa wauguzi na maafisa wa kliniki wa zahanati za visiwani na bara ya Lamu. Mzazi aliyenunua kamera ya sikio mtandaoni naye ausome, hasa sehemu ya kifaa na sehemu ya kusafisha.

Kifaa

Zipo kamera nyembamba za waya zinazochomekwa kwenye simu, zipo zinazorusha picha kwa Wi-Fi, na zipo otoskopu za kawaida ambazo lenzi ya simu huwekwa juu yake. Kwa zahanati, ya waya ndiyo bora. Ile ya Wi-Fi huishika simu, hivyo intaneti hukatika wakati unapoihitaji. Picha huchelewa nusu sekunde nyuma ya mkono wako, na mkono usioona unapoelekea ndio unaoumiza. Betri yake nayo ni ndogo. Arclight, otoskopu ndogo inayochajiwa kwa jua, haina kamera yake yenyewe, lakini inafaa sana mahali umeme ni wa sola na simu ni ile iliyopo.

Kabla ya kununua au kukubali msaada wa kamera, pima mambo manne:

1. Unene wa ncha. Usizidi milimita 4. Zile za milimita 5.5 nyingi zilitengenezewa mabomba na injini, haziingii sikio la mtoto.
2. Umbali wa kuona vizuri. Chukua gazeti, weka ncha sentimita moja na nusu juu ya maandishi. Herufi zikisomeka, sawa. Zikisomeka tu kuanzia sentimita tatu kwenda juu, kamera hiyo ndani ya sikio itakupa ukungu siku zote, na hakuna marekebisho.
3. Upande. Andika herufi R kwenye karatasi, ipige picha. Ikitokea imegeuka kama kwenye kioo, ingia kwenye programu uzime mgeuko huo. Kosa hili halionekani kwa urahisi, lakini linageuza sikio la kulia kuwa la kushoto kwa yeyote atakayeipokea picha.
4. Joto. Washa taa dakika tano, kisha gusisha ncha ndani ya kifundo cha mkono wako. Ikikuchoma wewe, itamchoma mtoto.

Nyingi za mtandaoni huuzwa na kijiko cha kuchokolea nta. King'oe ukitupe. Njia ya sikio la mtoto ina ngozi nyembamba juu ya mfupa, na mtoto akiruka mara moja tu kijiko kinatoboa kiwambo.

Vidomo vya plastiki vinavyovishwa kwenye ncha viwe vya saizi mbili, milimita 2.5 kwa wachanga na milimita 4 kwa wakubwa kidogo. Kanuni ni kutumia kile kikubwa kabisa kinachoingia bila kulazimisha. Wengi huchukua kidogo kwa huruma, kumbe kidogo huingia mbali zaidi na kuumiza, tena huonyesha kipande tu cha kiwambo. Ongeza pamba, tishu laini isiyochanika, vitambaa vya spiriti ya asilimia 70, karatasi nyeupe na kipimajoto.

Maswali kabla ya kamera

Muulize mama mambo haya na uyaandike: mtoto ana umri gani na uzito gani, homa imeanza lini, mafua yalitangulia, sikio linatoa usaha na ni siku ngapi sasa, amewahi kutoa usaha zamani. Mafua yana maana kubwa. Mrija unaounganisha sikio la kati na nyuma ya pua ni mfupi kwa mtoto, na umelala karibu sawasawa badala ya kuteremka, basi pua ikiziba majimaji hayana pa kutokea. Mtoto kuvuta sikio peke yake si dalili. Watoto wengi huvuta masikio wakiwa na usingizi au wanaota meno.

Kisha uliza kwa upole, bila sauti ya kulaumu: "Mama, mmemtia kitu chochote sikioni?" Uto wa nazi uliopashwa moto, maji ya kitunguu, maziwa ya mama, vyote vinatiwa, na mama akihisi anahukumiwa atasema hapana. Unahitaji jibu la kweli kwa sababu uto hutandaza mng'ao juu ya kiwambo, huficha rangi yake, na kwenye picha unaweza kufanana na majimaji ya nyuma ya kiwambo. Maziwa yaliyoganda hufanana na usaha.

Kabla hujawasha kamera, pitisha vidole nyuma ya masikio yote mawili. Kama kuna uvimbe unaouma nyuma ya sikio, au sikio limesukumwa mbele na kusimama kuliko lenzake, usipoteze muda kutafuta picha nzuri. Huo ni ugonjwa wa mfupa wa nyuma ya sikio, na rufaa yake ni ya haraka. Hivyo hivyo kwa mtoto aliyepatwa na degedege, asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyelegea, aliyekakamaa shingo au ambaye upande mmoja wa uso umelala. Mtoto mwenye homa aliye chini ya miezi miwili naye ni wa rufaa, sikio liwe vipi.

Kumshika mtoto

Hapa ndipo picha nyingi huharibikia. Mama akae kwenye kiti chenye mgongo, si kitandani. Mtoto akae mapajani kwa ubavu, sikio linalotazamwa likikuelekea. Miguu yake ibanwe kati ya mapaja ya mama. Mkono mmoja wa mama uzunguke mikono yote miwili ya mtoto, wa pili ulaze kichwa chake kifuani na ukishike hapo kwa kiganja kizima juu ya paji la uso. Mweleze mama kwamba kumshika imara ni kumlinda. Akimshika kwa kumwonea huruma, kichwa kitageuka wakati ncha iko ndani.

Wewe shika kamera kama unavyoshika kalamu, na kidole chako kidogo kiegemee shavu la mtoto muda wote. Kichwa kikiruka, mkono unaruka nacho na ncha haisongi ndani. Usikose kufanya hivi hata mara moja.

Kama mtoto amelia sana, subiri. Kilio na homa vyote huvimbisha mishipa ya damu na kiwambo huwa chekundu pasipo maambukizi yoyote. Dakika tano hadi kumi za utulivu zinaokoa dozi nzima ya antibayotiki isiyohitajika. Mchanga aliyelala baada ya kunyonya ndiye rahisi kuliko wote. Anayenyonya wakati huohuo ni mgumu, kwa kuwa taya lake linasukuma njia ya sikio.

Kupiga picha

Piga kwanza picha ya karatasi nyeupe kwa taa hiyohiyo ya kamera. Taa nyingi za bei nafuu zina ubuluu, na kiwambo chekundu huonekana cha waridi. Karatasi ikionekana ya buluu, anayeisoma picha atajua kiasi cha kupunguza.

Pasha ncha kwenye kiganja kwa dakika moja, au acha taa iwake dakika mbili, ili lenzi isipate mvuke. Ukungu ukitokea hata hivyo, toa, futa kwa spiriti, ngoja ikauke. Pwani kwetu kuna sababu ya pili ya ukungu, nayo ni chumvi. Kamera iliyoachwa wazi karibu na bahari hupata utando mwembamba wa chumvi kwenye lenzi, na ukiufuta ukiwa mkavu unachora mikwaruzo. Lowesha kwanza kwa pamba yenye maji safi, ndipo ufute.

Anza na sikio zima. Mtoto atajifunza kwamba haliumi, wewe utapata picha ya kulinganisha, na uchafu hautahama kutoka sikio bovu kwenda zima. Ukimaliza badili kidomo.

Anza kurekodi video, usipige picha moja moja. Taja kwa sauti "kulia" au "kushoto", kwa sababu baadaye hutakumbuka. Mtoto aliye chini ya miaka mitatu, vuta sikio lake nyuma na chini. Mkubwa zaidi, nyuma na juu. Hivyo njia inanyooka. Ingiza ncha polepole ukitazama skrini, na usizidi sehemu ya nje iliyo laini, yaani nusu sentimita hadi sentimita moja. Mbele ya hapo ni ngozi juu ya mfupa na inauma vikali. Ukiona ukuta mwekundu unaojaza skrini, hicho si kiwambo kilichovimba bali ukuta wa njia: rudi nyuma milimita chache, vuta sikio vizuri, elekeza ncha kidogo mbele, upande wa jicho. Kosa hili limewapa watoto wengi dawa wasiyoihitaji.

Sekunde kumi hadi kumi na tano kwa kila sikio zinatosha. Zungusha ncha taratibu ili uone pembe zote. Ukimaliza, pitia video na utoe picha tatu zilizo wazi.

Nta ikiwa imeziba zaidi ya nusu ya njia, usiisukume kwa kamera na usiichokoe. Usimimine maji kama hujui kiwambo ni kizima. Kukiwa na usaha, ukaushe kwa utambi: sokota kitambaa safi kinachofyonza au tishu imara, ingiza, iache ilowe, toa, weka mwingine, mpaka utoke mkavu. Kijiti cha kibiriti na unyoya wa kuku havina nafasi hapa, hata kama nyumbani ndivyo vilivyozoeleka. Uto nao hupunguzwa kwa utambi huohuo, kisha piga tena. Ukikuta ushanga au mbegu, acha kamera na umpeleke kwa mwenye vifaa vya kuitolea. Mbegu ikimiminiwa maji inavimba na kukwama.

Kusoma picha

Kiwambo kizima ni cha kijivu cha lulu, kinapitisha mwanga kidogo, na nyuma yake unaona mpini wa kijifupa cha nyundo umelala kama kalamu. Mwanga hurudi kwa umbo la pembetatu: sikio la kulia panapokaa namba 5 kwenye uso wa saa, la kushoto panapokaa namba 7. Pembetatu hiyo ndiyo inayokusaidia kugundua picha iliyogeuka.

Soma kwa mpangilio mmoja kila mara, na usianze na rangi. Anza na umbo.

Kiwambo kimetuna? Kikiwa kimejaa kuja nje kama puto, kile kijifupa kimefunikwa au kinaonekana kama shimo katikati ya uvimbe, rangi ni ya manjano au nyekundu nzito isiyopitisha mwanga, na mtoto ana homa au maumivu ya siku chache, hayo ni maambukizi makali ya sikio la kati. Kutuna ndiyo dalili inayoaminika kuliko zote. Wekundu bila kutuna hautoshi.

Kimebonyea ndani au kimekaa sawa, rangi kama chai ya rangi au kijivu kizito, pengine na vipovu au mstari kama wa maji kwenye glasi? Mtoto hana homa wala maumivu, ila mama analalamika kwamba akiitwa haitiki, au mwalimu wa chuo cha Kurani anasema hashiki anachosomeshwa? Hayo ni majimaji yasiyo na maambukizi makali. Antibayotiki haiyaondoi. Mengi hukauka yenyewe ndani ya miezi mitatu. Yakizidi hapo, mtoto apimwe usikivu. Huyu ndiye mtoto anayepigwa kwa ukaidi kumbe hasikii, na picha ikionyeshwa mzazi hufanya kazi ambayo maneno hayafanyi.

Kuna tundu? Pima siku za usaha. Chini ya siku 14 ni maambukizi makali yaliyopasua kiwambo, na mara nyingi maumivu hupungua ghafla siku usaha unapotoka, hivyo mama hudhani mtoto amepona. Siku 14 au zaidi ni maambukizi sugu. Tundu la pembeni kabisa, hasa juu, lenye ganda jeupe na harufu mbaya isiyokwisha, litazamwe na mtaalamu wa masikio hata kama mtoto anacheza.

Njia yenyewe ikiwa imevimba, na mtoto analia ukibonyeza kinundu cha mbele ya tundu la sikio, tatizo liko nje ya kiwambo. Hawa ni watoto wanaoshinda wakiruka kutoka gatini. Ukiona kitu kama pamba chenye nukta nyeusi na mtoto anawashwa, ni ukungu wa kuvu, ambao hupenda sikio lenye unyevu na lililotiwa dawa za matone kwa muda mrefu.

Kamera haipimi mwendo wa kiwambo. Kama zahanati ina otoskopu yenye kipira cha kupulizia hewa, itumie pale picha inapokutia shaka. Kiwambo kizima hucheza kidogo kipira kikibonyezwa. Chenye majimaji nyuma yake hakichezi, au kinacheza kwa shida.

Kuhusu programu zinazojisomea picha: watafiti wa Pittsburgh, Marekani, walichapisha mwaka 2024 programu ya simu inayotazama video fupi ya kiwambo, iliyofundishwa na kujaribiwa kwa zaidi ya video 1,000, na usahihi wake ulizidi asilimia 93. Ni kazi nzuri. Lakini programu hujifunza kwa kamera na watoto iliofundishwa nao. Kwa kamera ya bei nafuu na sikio lenye uto wa nazi, ichukulie kama jicho la pili, na jibu lake lisikuondoe kwenye unachokiona.

Baada ya kusoma

Kwa maambukizi makali, utaratibu wa kutibu watoto chini ya miaka mitano ni amoksilini mara mbili kwa siku, siku 5. Kwa vidonge vya miligramu 250 vinavyoyeyuka: kilo 4 hadi chini ya 10, kidonge kimoja kila mara, kilo 10 hadi chini ya 14, viwili, kilo 14 hadi 19, vitatu. Uliza kwanza kama penisilini imewahi kumdhuru. Paracetamol ya maumivu, miligramu 15 kwa kila kilo, isisahaulike, maana usiku wa kwanza ndio mgumu. Kusubiri siku mbili tatu bila antibayotiki kunafanywa kwingineko kwa watoto wakubwa wasio na hali mbaya. Kwa mtoto wa Kiwayu au Mkokoni, ambaye kurudi kwake ni habari ya bahari na nauli, usisubiri.

Usaha sugu hautibiwi kwa vidonge. Utambi mara tatu kwa siku, na baada ya kila utambi matone ya siprofloksasini, kwa wiki mbili. Mwonyeshe mama mbele yako, kisha yeye afanye wewe ukitazama. Matone ya gentamisini yasitiwe sikio lenye tundu, kwa kuwa yanaweza kuharibu usikivu. Kuogelea kusimame mpaka kiwambo kifunge.

Wa rufaa ya haraka apewe dozi ya kwanza ya antibayotiki hapo hapo, na upige simu kabla ya boti kuondoka. Piga hesabu ya maji pia: kutoka upande wa Pate, mlango wa bahari wa Mkanda haupitiki maji yakiwa yamekupwa.

Picha za kutuma zisipitie njia ya kawaida ya WhatsApp, kwa sababu huminywa na vipovu vidogo hupotea. Zitume kama faili. Mtandao ukiwa dhaifu, tuma picha tatu na ile ya karatasi nyeupe, video ingoje. Andika umri, uzito, joto, siku za ugonjwa, upande na kilichotiwa sikioni, na tumia namba ya kadi badala ya jina. Kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, taarifa za afya ni nyeti na za mtoto zinahitaji idhini ya mzazi, hivyo omba ruhusa kwanza, na baada ya kuhifadhi kwenye faili ya mgonjwa zifute kwenye simu.

Mtoto arudi baada ya siku 5. Lipige picha sikio lilelile kwa kamera ileile na uziweke picha mbili bega kwa bega. Kutuna kukiwa kumeisha lakini majimaji yamebaki, hiyo si dawa iliyoshindwa. Hukaa wiki kadhaa. Kukiwa bado kumetuna na homa ipo, mpeleke mbele.

Kusafisha na kutunza

Vidomo vya kutumika tena vioshwe kwa sabuni, vilowekwe dakika 10 kwenye klorini ya asilimia 0.5, visuuzwe na vikauke. Ncha ya kamera ifutwe kwa spiriti baada ya kila mtoto, na isizamishwe kama hujui haipitishi maji. Mahali pa kuchomeka waya ndipo huanza kuota kutu kwa hewa ya chumvi, na picha inayokatikakatika mara nyingi haina kasoro nyingine zaidi ya hiyo: futa kwa spiriti kidogo kila wiki. Kamera ilale ndani ya chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Usitumie mchele, vumbi lake huingia kwenye lenzi.